Nani Atamwuliza Mbunge Wetu?

Tarehe 9 Februari 2008 watu wa Mpanda walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Siku hiyo Mheshimiwa Mizengo Pinda, mzaliwa wa Kibaoni na mbunge wa Mpanda Mashariki, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano. Wilaya ambayo wageni wengi waliifikia kwa gari-moshi la Kaliua tu, au kwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika, sasa ilikuwa na mtoto wake aliye mkuu wa shughuli za Serikali Bungeni. Mwenyewe alijiita mtoto wa mkulima, na wakulima wenzake wa Usevya, Inyonga na Karema walilipenda sana neno hilo.

Lakini wachache waliuliza swali la pili: kiti kile kilipataje kuwa wazi?

Kilikuwa wazi kwa sababu siku mbili kabla, yaani tarehe 7 Februari, marehemu Edward Lowassa alisimama Bungeni Dodoma akatangaza kujiuzulu. Pamoja naye walijiuzulu mawaziri wawili, Bwana Nazir Karamagi na Bwana Ibrahim Msabaha. Sababu ilikuwa ni umeme. Mwaka 2006 nchi ilipatwa na ukame, maji ya bwawa la Mtera yakapungua, na umeme ukakatwa mijini. Serikali ikatafuta mitambo ya dharura, na mkataba wa megawati 100 ukapewa kampuni iliyoitwa Richmond, yenye asili ya Marekani. Mitambo haikufika kwa wakati, na mvua ikaja kabla yake. Baadaye mkataba ukahamishwa kwa kampuni nyingine, Dowans. Bunge likaunda kamati teule ya wabunge watano chini ya Dokta Harrison Mwakyembe. Kamati hiyo ilipoleta taarifa yake ilisema kwamba kampuni ile haikuwa na uwezo, na kwamba ilipewa kazi kwa kubebwa. Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumhoji, na yafaa tulitaje neno lake hilo. Hata hivyo aliondoka.

Basi, wako waliosema, “Hayo ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Sisi Mpanda umeme wa gridi hatuna, Richmond yatuhusu nini?” Ni kweli kwamba wakati ule mji wa Mpanda uliwashwa kwa jenereta za mafuta, na vijijini tulisoma kwa kibatari. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Fedha za Serikali hazina kabila wala wilaya. Mama anayenunua sukari na sabuni katika duka la Majimoto analipa kodi ndani ya bei ile, ingawa hakuandikiwa stakabadhi. Na fedha zilizopotea Dodoma hazikupungua katika mfuko wa watu wa Dar es Salaam peke yao. Mwishoni mwa mwaka 2010 baraza la usuluhishi wa kibiashara la kimataifa liliamua kwamba TANESCO iwalipe Dowans karibu shilingi bilioni 94. Yaani mvua ilikuwa imekwisha kunyesha mara nne, na deni la ukame wa 2006 lilikuwa lingali likitudai.

Sasa tuje katika jambo lenyewe, maana sikukusudia kusimulia habari za wakubwa tu. Wengi wetu tukisikia kashfa, tunasema, “Serikali itachukua hatua.” Au twasema, “Rais amewafukuza, yamekwisha.” Je, sisi wapiga kura tulifanya nini?

Uchaguzi mkuu ulikuja Oktoba 2010. Monduli walimrudisha Lowassa Bungeni kwa kura nyingi. Bariadi Magharibi walimrudisha Bwana Andrew Chenge. Huyu alikuwa Mwanasheria Mkuu wakati nchi iliponunua rada ya kuongozea ndege kutoka kampuni ya Uingereza iitwayo BAE Systems. Mwaka 2008, akiwa Waziri wa Miundombinu, ilijulikana kwamba anayo akaunti ng’ambo, katika kisiwa cha Jersey, yenye zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Alipoulizwa na waandishi wa habari aliziita “vijisenti”. Neno hilo lilienea nchi nzima kwa siku moja, hata watoto wakalichezea. Alijiuzulu uwaziri Aprili mwaka ule. Haki yataka niseme kwamba kwa jambo la rada hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Lakini kampuni ile ya Uingereza yenyewe ilikiri mahakamani kwamba haikuweka sawasawa vitabu vya hesabu za biashara ile, na mwaka 2012 ililipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi. Watu wakaziita “chenji ya rada”. Kwa hiyo mtoto wako, ikiwa alisoma shule ya msingi miaka ile, yawezekana alishika mikononi kitabu kilichotoka katika rada iliyouzwa kwa bei ya kuruka. Hivyo mambo ya wakubwa yalifika mpaka kwenye dawati la kijiji.

Na kwetu je? Hapa mkoani petu mwaka ule wa 2010 yalitokea mambo mawili, nami nayaona yafaa kuwekwa pamoja. Katika jimbo la Katavi hakukuwa na kura ya ubunge kabisa. Mheshimiwa Pinda alikuwa mgombea peke yake, akapita bila kupingwa. Lakini jirani yake, Mpanda Mjini, watu walipiga kura, wakamchagua tena Bwana Said Arfi wa CHADEMA, ambaye walikwisha kumchagua mwaka 2005. Na mwaka 2015 wakabadili, wakamchukua Bwana Sebastian Kapufi wa CCM. Simsifu huyu wala simshutumu yule. Nasema tu kwamba watu wa Mpanda Mjini waliulizwa neno lao mara zote hizo, nao wakajibu. Na watu wa Katavi mwaka 2010 hawakuulizwa. Mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi nzima hakupata nafasi ya kusimama mbele ya watu wa Usevya ili wamwulize, “Miaka hii mitano umefanya nini, na umeona nini?” Hasara ilikuwa yao, na nadhani ilikuwa yake pia.

Mzee mmoja, mkulima wa mahindi na mpunga, nilimwuliza habari hizo. Alinitazama kama ninayeuliza jambo la kitoto.

“Mwanangu karani,” akasema, “mtoto wako akiwa hakimu, wewe utampelekea kesi?”

Nikamjibu, “Baba, mbunge si hakimu. Yeye ndiye anayetakiwa kutoa hesabu.”

“Haya. Lakini huyu ametuletea mkoa.”

Mzee hakusema uwongo. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, pamoja na mikoa ya Geita, Njombe na Simiyu. Kabla ya hapo tulikuwa Rukwa, na mwenye shida ya mkoani alisafiri mpaka Sumbawanga. Kushukuru si kosa. Nami sidhani kwamba watu wa Monduli na Bariadi ni wajinga kuliko watu wengine. Waliona barabara, waliona kisima, walimwona mtu anayekuja msibani kwao. Nao walisema, “Hao wanaomsema, kama wangepata wao, wasingekula?” Hiyo ndiyo hoja ninayoisikia zaidi kijijini, tena yasemwa na watu wema, wazazi wazuri. Wamekwisha kukata tamaa, kisha wanaiita tamaa yao iliyokatika kuwa ni hekima.

Lakini iko sababu nyingine ambayo hatupendi kuitaja, nayo ni chumvi na khanga. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, eti ni ukarimu wa jadi wa Kiafrika, mgombea kuwapa wapiga kura chakula na kinywaji. Watetezi wa haki za binadamu wakaipeleka Serikali mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta takrima, ikisema kwamba yavunja usawa wa raia. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria ni nzuri. Walakini khanga hazikukoma, zilibadili saa tu, zikaanza kuja usiku. Na mwanamke aliyepokea khanga ya shilingi elfu chache, na mumewe aliyenyweshwa pombe kilabuni, watamwulizaje mheshimiwa habari ya zahanati isiyo na dawa? Atawajibu moyoni, “Nilikwisha kukulipa.” Hapo atakuwa na haki ya mnunuzi, na kwa mnunuzi hapana daftari la kukaguliwa.

Wengine watasema, hata tukikataa khanga hatuna nguvu. Mbunge akichaguliwa, miaka mitano ni yake. Ni kweli kwamba Katiba yetu haiwapi wapiga kura njia ya kumwondoa mbunge kabla ya muda. Rasimu ya tume ya Jaji Joseph Warioba ya mwaka 2013 ilipendekeza njia hiyo. Bunge Maalum la mwaka 2014 likaiondoa. Wabunge wengi walikaa katika Bunge Maalum lile, nanyi fikirini wenyewe.

Hata hivyo si kweli kwamba sauti ya kijiji haifiki. Kumbukeni Operesheni Tokomeza. Oktoba 2013 Serikali ilianza msako wa majangili wanaoua tembo. Kusudi lilikuwa jema, maana tembo walikuwa wakiisha, nasi tunaokaa kando ya hifadhi ya Katavi twajua. Lakini msako uligeuka. Watu walipigwa na kuteswa, wengine wakafa, ng’ombe wa wafugaji wakauawa. Nani aliyesema? Si gazeti la Ulaya. Walisema wafugaji na wanavijiji wenyewe. Waliwafuata wabunge wao wakawaeleza, wakawaonyesha majeraha. Wabunge wa vyama vyote wakasimama Bungeni, na mwanzoni mwa Novemba operesheni ikasimamishwa. Kamati chini ya Bwana James Lembeli ikaenda kuchunguza. Tarehe 20 Desemba taarifa yake ilisomwa, na siku hiyohiyo mawaziri wanne wakapoteza kazi: wa Mambo ya Ndani, wa Ulinzi, wa Maliasili na wa Mifugo. Balozi Khamis Kagasheki wa Maliasili alijiuzulu palepale Bungeni. Mawaziri wanne waliondoka kwa siku moja, na mwanzo wake ulikuwa ni mfugaji aliyekataa kunyamaza.

Wala jambo la waziri kuondoka kwa makosa ya walio chini yake si geni kwetu. Mwaka 1977 marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu maofisa wa usalama waliwatesa watu huko Mwanza na Shinyanga, wengine wakafa. Yeye hakumpiga mtu. Aliondoka kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais.

Sasa nitaje jambo lililo gumu kwa gazeti kama hili. Mwaka 2014 ilizuka habari ya akaunti ya Tegeta Escrow. Fedha zilizowekwa Benki Kuu kungojea ugomvi wa TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL, zaidi ya shilingi bilioni 300, zilitolewa. Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Bwana Zitto Kabwe, jirani yetu wa Kigoma, ilisema kwamba humo zilikuwamo fedha za umma, ikasoma Bungeni majina ya waliogawiwa. Waziri Mkuu, mtu wetu, naye alitajwa katika taarifa hiyo, ingawa maazimio ya mwisho hayakumtaka aondoke. Mwanasheria Mkuu, Jaji Frederick Werema, alijiuzulu. Profesa Anna Tibaijuka aliondolewa uwaziri, naye alisema kwamba fedha alizopokea zilikuwa mchango kwa shule. Profesa Sospeter Muhongo wa Nishati alijiuzulu Januari 2015. Na katika orodha ile iliyosomwa mlikuwamo majina ya watu wa Kanisa. Kupewa si lazima iwe kuiba, na mtu aweza kupokea sadaka asijue ilikotoka. Lakini mkristo aliyesikiliza redio siku ile alitaka kujua, na alikuwa na haki ya kujua. Tukimdai mbunge hesabu, tusishangae nasi tukidaiwa. Katika vigango vyetu mweka hazina husoma sadaka ya Jumapili iliyopita kabla ya baraka ya mwisho. Akisahau mara mbili, akina mama huanza kutazamana. Kutazamana huko ndiko ninakokutafuta katika mambo ya Serikali.

Mwaka uliofuata, 2015, Profesa Tibaijuka na Bwana Chenge walirudi Bungeni kwa kura za watu wao.

Nimesema sana habari za Bunge. Lakini mwana kijiji hafiki Dodoma kila siku, na kazi hii haianzii huko. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na mimi na kila mkazi mwenye miaka 18, ndio wenye mamlaka ya juu katika kijiji. Hapana budi uitwe angalau mara moja kila miezi mitatu. Hapo ndipo halmashauri ya kijiji isomapo mapato na matumizi. Nani kati yetu aliyehudhuria mikutano minne mwaka uliopita? Mara nyingi nimeona watu thelathini chini ya mwembe, katika kijiji cha watu elfu mbili, tena nusu yao wanangoja jina lao lisomwe kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Kisha hesabu zinasomwa haraka kama tangazo la ndoa, mtu anapiga makofi, na mkutano unafungwa. Mwenyekiti aliyejua kwamba hapana atakayeuliza habari ya mifuko 40 ya saruji, huyo kesho ni diwani, na keshokutwa ni mbunge. Anakwenda Dodoma na tabia aliyofundishwa na sisi.

Wako vijana wanaoniambia kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, ulioacha vifo na maombolezo katika nchi iliyozoea kujiita kisiwa cha amani, hawaoni tena maana ya kura. Siwezi kuwacheka. Mtu aliyefiwa haambiwi kwamba hakufiwa. Ninachowajibu ni hiki tu: sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 imesema kwamba hata mgombea akiwa peke yake, watu wapige kura ya ndiyo au hapana, lile la Katavi la mwaka 2010 lisirudi. Ni mlango mwembamba, lakini haukuwako. Na mkutano wa kijiji haungoji miaka mitano.

Katika kijiji kimoja cha parokia yetu, ambacho sitakitaja jina, mkutano wa mwisho ulikuwa ukikaribia kufungwa. Mapato yalikuwa yamesomwa, pamoja na mchango wa vyoo vya shule, ambao kila kaya ilikuwa imetoa. Mama mmoja, mjane, mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, alinyosha mkono.

“Mwenyekiti, shikamoo. Mimi sikusoma sana. Naomba kujua, bati ni ngapi?”

Mwenyekiti akamjibu kwamba zimesomwa.

“Nimesikia fedha, baba. Bati sijazisikia. Mtoto wangu anasema choo kina nyasi.”

Wanaume wawili wakacheka. Kisha mmoja wao akaacha kucheka, akasema naye angependa kujua. Akafuata wa tatu, na katekista, na hatimaye mwalimu mkuu mwenyewe. Mtendaji alifungua daftari akalifunga tena. Makofi hayakupigwa. Mkutano uliahirishwa kwa majuma mawili, ili risiti za bati ziletwe.